Mzee wa Santuri Anajibu: Berwald Yupi Ndiye?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Franz Berwald, Mswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1796 na kutunga simfonia nne ambazo ulimwengu ulizikalia. Sikutegemea barua. Zimekuja, na nyingine kali. Basi safari hii nampa yeye ukurasa wote. Wenye maswali ya Brahms wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Ulisema simfonia ya tatu ya Berwald, ile iitwayo Singulière, ilikaa gizani bure. Nimeitafuta nikapata rekodi mbili: ya Neeme Järvi na okestra ya Gothenburg, na ya zamani ya Igor Markevitch na Berlin Philharmonic. Nimezisikiliza zote na naapa ni kama kazi mbili tofauti. Moja inanikimbiza, nyingine inanikalisha kitako. Ipi kati ya hizo ndiyo Berwald mwenyewe? – *Mpiga fidla wa Jumapili*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna hata moja, na sikwepi swali.

Singulière ilikamilika mwaka 1845. Ilipigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1905, mjini Stockholm, Tor Aulin akiongoza. Berwald alikuwa ameshafariki tangu 1868. Yaani mtu huyu hakuwahi kuisikia simfonia yake isipokuwa kichwani mwake. Hakupata nafasi ya kusimama mbele ya wapigaji akasema hapa mmekawia, pale tromboni zimenifunika filimbi. Wala hakuna mwanafunzi aliyebaki kusimulia kwamba mwalimu aliipenda sehemu fulani iende pole. Kwa Beethoven au Brahms kuna mazoea yaliyorithishwa tangu onyesho la kwanza, na mwongozaji wa leo hata akiyakataa anajua anakataa nini. Kwa Berwald kuna karatasi tu. Järvi ameisoma karatasi ile akaona mbio. Markevitch ameisoma akaona uzito. Wote wawili wamesoma nota zile zile.

Sasa tuziweke mezani. Ya Markevitch ilirekodiwa mwaka 1955, kwa mono, yaani sauti ya njia moja tu, ikiwa na simfonia ya tatu na ya nne. Okestra ile ilikuwa imeishi na muziki mzito wa Bruckner miaka na miaka, na unaisikia tabia hiyo tangu mwanzo: selo na besi zinashika ardhi, hakuna anayeharakisha, kila nota ina mwisho wake. Ninachompendea Markevitch ni kwamba hamdekezi Berwald. Hampigi kama mtu anayeonyesha kitu adimu alichokiokota. Anampiga kama mtunzi mkubwa anayestahili jasho la okestra kubwa, basi. Lakini kuna mahali uzito unamzidi, hasa sehemu ya mwisho, ambayo imeandikiwa kasi ya Presto, yaani ya haraka sana, na inaanza kwenye C maina, ufunguo wa huzuni, ikipambana mpaka itokee kwenye C meja, ufunguo wa nuru. Kwa Markevitch ushindi ule unafika kwa miguu ya askari.

Järvi ni mwingine kabisa. Mwestonia huyu alirekodi simfonia zote nne na okestra ya Gothenburg mwaka 1985, kwa Deutsche Grammophon, na naamini ndiye aliyewafanya wengi wetu tulijue jina la Berwald. Ana damu ya moto. Ukitaka kumvutia rafiki asiyependa muziki huu, mpigie Järvi, hatalala. Ila mimi nikisikiliza kwa makini namshika akiteleza juu ya vitu. Berwald anapenda kugeuka ghafla: anakatiza sentensi katikati, anaingiza lafudhi pale usipoitarajia, ananyamaza. Kwa kasi ya Järvi migeuko hiyo inapita kama vijiji vinavyoonekana dirishani mwa treni. Umeviona, hujavikanyaga.

Nikupe sehemu moja ya kuwapima, nawe utaona mwenyewe. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili. Inaanza kama adajio ya kawaida, yaani muziki wa polepole, ala za nyuzi zikiimba kwa pumzi ndefu, nzuri hadi unasahau kwamba mtunzi huyu ni mtundu. Unatulia. Adajio inafifia, karibu inalala. Kisha timpani, ile ngoma kubwa ya okestra, inapiga pigo moja kubwa, la kushtua, na skerzo, kipande chepesi cha haraka, inaruka kutoka hapo kama mtu aliyemwagiwa maji. Skerzo ikimaliza visa vyake, adajio inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa hiyo simfonia ina sehemu tatu badala ya nne, maana skerzo imefichwa tumboni mwa sehemu ya polepole. Hakuwa anajaribu bahati: alishafanya hivyo hivyo kwenye septeti yake, kazi ya wapigaji saba, ya mwaka 1828. Ni jambo lake, kama saini.

Sikiliza basi kila mwongozaji anafanya nini kwenye pigo lile. Wapo wanaolionea aibu. Wanalipunguza nguvu, au wanaanza kujiandaa mapema, adajio inakaza mwendo kidogo kabla ya pigo ili lisikushtue. Hao wameharibu mzaha kwa kuueleza. Wapo wanaolipiga kwa nguvu zote lakini wanasita baada yake, kama kwamba wameogopa wenyewe. Na wapo wanaoacha adajio ife kweli kweli, wanapiga, na skerzo iko njiani kabla hujafunga mdomo. Kundi hili la tatu ndilo langu. Järvi yumo humo, tumpe haki yake. Lakini kwa kuwa amekuwa akikimbia tangu mwanzo, mshtuko wake ni mdogo kuliko unavyostahili.

Kama umenifuata hadi hapa umeshajua ninakoelekea. Rekodi ninayoirudia ni ya Sixten Ehrling na okestra ya Malmö, ya kampuni ya BIS, iliyofanywa miaka ya 1990. Ehrling alizaliwa mwaka 1918, kwa hiyo alikuwa mzee aliyeshakula chumvi nyingi, na kazi hii hakuikuta njiani: miaka ya 1960 alishairekodi na London Symphony Orchestra. Hapambi kitu. Adajio yake si ya polepole kupita kiasi, ila ana subira nayo. Pigo linapokuja, linakuja bila onyo. Kwenye sehemu ya mwisho anashika kasi ambayo wapigaji wanaimudu, kwa hiyo zile nota za haraka za fidla unazisikia moja moja, sio vumbi. Malmö si Berlin. Nyuzi zao ni nyembamba, na kuna mahali ungetamani wingi zaidi. Nitavumilia wembamba kwa ajili ya mtu anayejua sentensi inaishia wapi.

Wewe kama mpiga fidla utanielewa. Muziki huu umeandikwa na mpiga fidla. Berwald aliingia okestra ya kasri la kifalme Stockholm tangu 1812, akiwa kijana mdogo, na anachowadai watu wa fidla ni ncha ya upinde, mguso mkavu wa haraka. Okestra inayotumia upinde mzima kila mahali inamfanya asikike mnene. Hakuwa mnene.

SWALI: Mzee, nakuheshimu, lakini hii tabia yenu ya kufukua watunzi waliosahauliwa inanichosha. Kama simfonia hizi ni nzuri hivyo, mbona hazikupigwa? Muda huchuja. Kilichobaki ndicho kizuri. – *Msomaji mbishi*

JIBU: Muda hauwezi kuchuja kitu ambacho hakikutiwa kwenye chujio.

Tazama tarehe. Kati ya simfonia nne, aliyopata kuisikia ikipigwa ni moja tu, ya kwanza, Sérieuse, iliyo kwenye G maina. Ilipigwa Stockholm tarehe 2 Desemba 1843, binamu yake Johan Fredrik Berwald akiongoza, na haikupokelewa vizuri. Mlango ukafungwa. Ya nne ilisubiri hadi 1878. Ya tatu, kama nilivyosema hapo juu, 1905. Ya pili, 1914. Nani alizichuja wakati huo wote? Zilikuwa kabatini.

Na mtu mwenyewe hakuwa anakaa akilia. Mwaka 1835 alifungua taasisi ya tiba ya mifupa na viungo mjini Berlin, ikamlisha vizuri hadi alipoiacha mwaka 1841. Miaka ya 1850 alikuwa msimamizi wa kiwanda cha vioo huko Sandö, kaskazini mwa Uswidi. Fikiria: mtunzi bora wa simfonia nchini mwake, anahesabu vioo. Kazi ya kufundisha utunzi kwenye konsevatori ya Stockholm alipewa mwaka 1867. Mwaka uliofuata alifariki. Leo okestra ya redio ya Uswidi inapiga kwenye ukumbi uitwao Berwaldhallen, uliofunguliwa mwaka 1979. Wangempa walau mazoezi mawili ya okestra alipokuwa hai angeshukuru zaidi.

Lakini ubishi wako una chembe ya ukweli, nami sitaki kuuza mbuzi kwenye gunia. Berwald si Schumann. Hana zile nyimbo zinazokufuata hadi kitandani. Akipata kidokezo cha nota nne au tano atakizungusha, atakipandisha ngazi, atakizungusha tena, na kuna nyakati, hasa kwenye Sérieuse, unajikuta unasema tumeshasikia, endelea. Mwaka ule ule wa 1842 alioutungia Sérieuse ndio mwaka Mendelssohn alipotoa simfonia yake ya Kiskoti. Ukiziweka bega kwa bega, Mendelssohn anashinda kwa uimbaji, hakuna ubishi. Berwald anashinda kwa jambo lingine: hujui anakwenda wapi. Mendelssohn unajua daima yuko wapi na atarudi lini. Kuna siku nataka kile, kuna siku nataka hiki.

Na hapo ndipo suala la rekodi linapokuwa zito kuliko kwa watunzi wakubwa. Beethoven akipigwa vibaya unamlaumu mwongozaji. Berwald akipigwa vibaya unamlaumu Berwald. Ukisikiliza rekodi moja tu, tena iliyopigwa kwa kazi ya mshahara, ukaamua kwamba alistahili kusahauliwa, ujue uliyemhukumu huenda hakuwa yeye.

SWALI: Nina rekodi mbili za simfonia ya pili, Capricieuse. Kuna mahali nasikia ala tofauti, kana kwamba mmoja amempa klarineti kilichokuwa cha mwingine. Masikio yangu yameanza kuzeeka au? – *Mama wa watatu, msikilizaji wa usiku*

JIBU: Masikio yako ni mazima, dada. Yako bora kuliko ya baadhi ya wahakiki.

Capricieuse ni yatima. Nota zake kamili zilipotea baada ya Berwald kufariki. Kilichosalia ni rasimu iliyofupishwa, mistari michache yenye muziki wote kwa kifupi na maelezo ya hapa na pale kuhusu ala. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ernst Ellberg aliichukua rasimu hiyo akaijaza, na ndiyo iliyopigwa mwaka 1914. Baadaye, matoleo ya kitaalamu ya kazi zote za Berwald yalipoanza kuchapishwa, Nils Castegren aliirudia kazi hiyo upya. Kwa hiyo kuna Capricieuse mbili. Nota za msingi ni za Berwald kotekote, ila nani amepewa kuzipiga ni uamuzi wa mtu mwingine, na watu hao wawili hawakuamua sawa.

Rekodi za kabla ya toleo la Castegren haziwezi kuwa nalo. Za baadaye, fungua kijitabu kinachokuja na CD. Chenye kujiheshimu kitakutajia jina. Kama hakitaji, sikiliza tu. Mimi sijaona kwamba toleo moja linaishinda jingine kiasi cha kukunyima usingizi. Kinachoniudhi ni wahakiki wanaomsifu mwongozaji kwa “rangi za Berwald” katika Capricieuse. Rangi za nani?

SWALI: Fedha zangu zinatosha seti moja. Ipi? – *Mfupi wa maneno*

JIBU: Ehrling.

Ukipata nyingine baadaye, chukua ya Roy Goodman na okestra ya redio ya Uswidi, ya Hyperion, ya miaka ya 1990. Goodman anatoka kwenye ulimwengu wa ala za kale, na hata akiwa mbele ya okestra ya kisasa hulka hiyo haimtoki: mtikisiko wa nyuzi ni mdogo, ngoma ni kavu, ala za kupulizwa ziko mbele. Kwa Berwald hilo ni zawadi, kwa sababu anapenda kuzipa ala za kupulizwa maneno ya pembeni ambayo kwa Björlin na Royal Philharmonic, ile seti ya EMI ya miaka ya 1970, yanamezwa na zulia la fidla. Ndani ya seti ya Goodman utakuta pia kipande cha simfonia ya A meja, ya mwaka 1820, Berwald akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Hakikukamilika, kilichosikika ni kazi ya kukamilisha ya Duncan Druce. Kisikilize kwa udadisi, usikitegemee. (Kwa wapenda mambo ya pembeni: Goodman ndiye yule mtoto mwenye sauti ya juu kwenye rekodi ya mwaka 1963 ya Miserere ya Allegri, ya kwaya ya King’s College, Cambridge. Wengi wameilia rekodi ile bila kujua mtoto alikuja kuwa nani.)

Thomas Dausgaard na okestra ya redio ya Denmark, kwa Chandos, ana sauti nzuri kuliko wote na anajua kushtua, ila mara nyingine anasukuma pale ambapo nota hazikuomba. Okko Kamu na Helsingborg kwa Naxos ni wa kuaminika, na kama ndicho kilichoko mbele yako usiende mbali kutafuta. Herbert Blomstedt hakurekodi seti yote na San Francisco. Decca walitoa ya kwanza na ya nne tu. Ajabu yake ni kwamba Blomstedt ndiye aliyehariri Singulière kwa matoleo ya kitaalamu, kwa hiyo mtu aliyeijua karatasi ile kuliko wengine wote hakuiweka kwenye diski hiyo. Alichokiweka lakini ni dhahabu. Sérieuse yake ndiyo pekee inayonifanya nisione zile ngazi nilizozilalamikia hapo juu, kwa sababu kila kidokezo kikirudi amekibadilishia uzito kidogo. San Francisco wanang’ara, na hakuna mbwembwe.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nasikiliza kwa hedifoni. Tatizo langu ni kwamba kila rekodi ninayoisikiliza mwisho ndiyo naiona bora. Nifanyeje? – *Kijana wa hedifoni*

JIBU: Marahaba. Hulogwi peke yako.

Mchawi wa kwanza ni sauti. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vinavyolingana, kimoja kikiwa na sauti kubwa kidogo, litakichagua hicho na litatafuta sababu za kistaarabu za kukichagua. Rekodi hazikutengenezwa kwa kipimo kimoja. Ya Markevitch ya 1955 na ya Dausgaard ukizipiga bila kugusa kitufe, moja itakuja juu. Basi kabla ya kulinganisha, tafuta mahali patulivu pa kazi hiyo, weka sauti hadi fidla zisikike sawa katika zote mbili, kisha usiguse tena. Usilinganishe kwa kutumia pale okestra nzima inapopiga, maana hapo ndipo mafundi wa studio wanapotofautiana zaidi.

Mchawi wa pili ni urefu. Ukisikiliza simfonia nzima, karibu nusu saa, halafu nyingine nzima, utakuwa unalinganisha rekodi na uchovu wako. Chagua kipande cha dakika mbili. Kwa Berwald natumia vitatu. Cha kwanza ni mwanzo wa Singulière, ambapo nyuzi zinaanza kwa sauti ndogo na kidokezo kinapitishwa huku na huku kabla ya okestra nzima kuamka. Hapo nasikiliza kama mwongozaji ana subira. Cha pili ni lile pigo la timpani. Cha tatu ni skerzo ya simfonia ya nne, inayotaka wepesi wa aina ya Mendelssohn, na okestra nzito hujianika hapo mara moja. Sikiliza kipande kile kile kwa waongozaji wawili, halafu geuza utaratibu: aliyekuwa wa pili awe wa kwanza. Ukimpenda yule yule ukiwa umegeuza, hapo una neno la kusema.

Usibabaishwe na dakika zilizoandikwa kwenye jalada. Katika simfonia za karne ya 19 mtunzi mara nyingi huagiza sehemu irudiwe. Mmoja anatii, mwingine anaruka. Sehemu ya dakika kumi inaweza kuwa ya haraka kuliko ya dakika nane. Na usiidharau mono. Kwenye hedifoni itakubana katikati ya kichwa na mwanzoni utaona kama umefungiwa chumbani. Ivumilie kidogo. Ukishaizoea utagundua kwamba Markevitch anakwambia mambo kuhusu mizani ya selo na besi ambayo hakuna spika mbili zilizokwambia.

Jambo moja la mwisho kwako kwa sababu u kijana: ukiweza, pata nota. Za Berwald zilizochapishwa zamani zinapatikana mtandaoni bila malipo, maana haki zake zilishakwisha. Huhitaji kuzisoma zote. Fuata tu mstari wa timpani.

SWALI: Kwenye mtandao simfonia ya nne imeandikwa Naïve. CD yangu imeandika E flat meja peke yake. Ni kazi moja? – *Mtunza rafu*

JIBU: Ni moja. Berwald alikuwa ameipa jina hilo, kisha akaliondoa. Tatu za mwanzo zimebaki na majina yao ya Kifaransa, ya nne inakwenda kwa ufunguo wake. Ipange chini ya B, utaipata.

SWALI: Nimemaliza Berwald wako. Ehrling ninaye, Blomstedt ninaye. Nani anafuata kwa waliosahauliwa? Na usiniambie Mjerumani. – *Msomaji mwenye njaa*

JIBU: Mfaransa, basi, na mwanamke: Louise Farrenc. Alikuwa profesa wa piano kwenye Conservatoire ya Paris tangu 1842, na alitunga simfonia tatu katika miaka ile ile ambayo Berwald alikuwa akitunga zake, ya kwanza 1841 na ya mwisho 1847. Yeye na Berwald wana kosa moja machoni mwa wakati wao: walipenda simfonia mahali ambapo watu walitaka opera. Tofauti ni kwamba Farrenc haruki. Anajenga, matofali juu ya matofali, na wala hana haja ya kukushtua.

Kwa rekodi, jambo ni rahisi kuliko kwa Berwald kwa sababu si nyingi. Laurence Equilbey na Insula Orchestra wamezirekodi kwa ala za kale, na ndiyo ningeanza nayo. Ngozi za timpani zina ukali unaoufaa muziki huu, na ala za kupulizwa hazifunikwi. Kabla yao kulikuwa na Johannes Goritzki na okestra ya redio ya NDR ya Hannover, kwa kampuni ya CPO, wenye sauti pana zaidi, na kwa baadhi ya sehemu za polepole nawapendelea. Anza na ya tatu, ya G maina, iliyopigwa Paris mwaka 1849. Ukifika kwenye skerzo niandikie uniambie kama uliweza kukaa.